Swali la Nikodemo Mbele ya Baraza

Wapendwa katika Bwana, tafakari ya juma hili inatoka Yohana 7:45–52, na ningependa kila mmoja aisome mistari hiyo minane mwenyewe kabla ya kuendelea.

Ni siku za Sikukuu ya Vibanda, mjini Yerusalemu. Watumishi waliotumwa kumkamata Yesu wamerudi mikono mitupu, wakieleza kwamba hawajapata kusikia mtu akinena kama yeye. Wakuu wanakasirika, wanawauliza kama nao wamedanganyika, kisha wanauliza kama kuna mkuu yeyote au Farisayo aliyemwamini mtu huyo, na kuongeza kwamba makutano wasioijua Torati wamelaaniwa. Humo humo ameketi Nikodemo, ambaye ni mkuu na ni Farisayo, na ambaye alikwisha kumwendea Yesu usiku.

Wengi wetu tunakijua kiti hicho alichokalia. Mtu ametuma kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya habari kwamba ndugu fulani amekula michango ya msiba. Muda si mrefu wengine wameshaongeza waliyoyasikia, na mzee anayeheshimika ameandika kwamba mtu wa namna hiyo hafai tena kushika fedha za kanisa. Wewe unasoma, na unajua kwamba ndugu huyo hajaulizwa lolote, kwa sababu ulikuwa naye asubuhi ile. Unaandika sentensi mbili, unazifuta, unaziandika upya; unahofia kwamba hukuzipanga vizuri, kwamba utaonekana unabishana na mkubwa wako, kwamba maneno yako yatapigwa picha na kupelekwa kusikohusika. Mwishowe unaweka simu chini na kujiambia kwamba Mungu ndiye atakayehukumu.

Nikodemo naye alikuwa na ya kuhofia, tena makubwa kuliko hayo. Hata hivyo alisema, na namna alivyosema inastahili kuangaliwa kwa makini. Hakutoa hotuba, wala hakuitangaza imani yake siku ile. Aliuliza tu kama Torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia na kujua anachotenda. Wenzake walikuwa wametoka kuwalaani watu wasioijua Torati, naye akawarudisha kwenye Torati hiyo hiyo, ambayo katika Kumbukumbu la Torati 1:16–17 inawaagiza waamuzi wawasikilize wadogo na wakubwa sawasawa. Yesu mwenyewe alimwita mwalimu wa Israeli, kwa hiyo jambo aliloligusa alilijua vema. Naamini hapa ndipo mwenye haya anapopata mahali pa kuanzia: haulizwi kuwa msemaji, anaombwa aseme lile moja analolijua kwa hakika, kwa maneno machache, na kwa adabu.

Jibu alilopewa ndilo hasa tunaloliogopa. Walimuuliza kama naye ametoka Galilaya, wakamwambia atafute aone kwamba huko hakutokei nabii. Hoja yake haikuguswa hata kidogo. Aliyeguswa ni yeye, na asili yake. Siku hizi tunasema, "Wewe umeokoka lini?" au "Kijana, subiri wakubwa wamalize." Tena walichokisema kwa uhakika mkubwa hakikuwa sahihi, kwa maana nabii Yona mwana wa Amitai alitoka Gath-heferi (2 Wafalme 14:25), mji wa kabila la Zabuloni, katika nchi ya Galilaya. Wenye sauti kubwa barazani ndio waliopaswa kutafuta.

Yohana haandiki kwamba yeyote alimuunga mkono. Lakini katika 12:42 anatuambia kwamba wengi miongoni mwa wakuu walimwamini Yesu, wasimkiri kwa kuogopa kutengwa na sinagogi. Inawezekana kabisa kwamba siku ile wengine waliisikia hoja ya Nikodemo, wakaikubali mioyoni, na kunyamaza. Mstari wa 43 unataja sababu, kwamba walipenda utukufu wa wanadamu kuliko utukufu wa Mungu. Ni neno kali, nami sitalilainisha.

Najua kuna kunyamaza kwa haki. Yakobo anatutaka tuwe wepesi wa kusikia na wazito wa kusema, na Mithali 18:13 inamwita mpumbavu anayejibu kabla ya kusikia. Asiye na hakika na jambo anyamaze bila kujilaumu. Na mwenye hakika, ambaye bado moyo wake unatetemeka mbele ya wengi, anaweza kuanza kwa kumwandikia mzee peke yake: "Shikamoo mzee, naomba tumsikilize kwanza ndugu yetu." Yesu alimpokea Nikodemo usiku, wala hakumkemea kwa saa aliyoichagua, na mtu huyo huyo ndiye aliyekuja baadaye kuuzika mwili wa Bwana pamoja na Yusufu wa Arimathaya, akiwa na manemane na uudi yapata ratili mia, ambazo kwa vipimo vyetu ni kama kilo 33. Mzigo kama huo haubebwi kwa siri.

Nanyi wazee na viongozi mnaosimamia makundi yetu, nawasihi kwa upendo. Mtu ambaye hajazoea kuandika akiandika, jibuni alichokisema, hata kama hamkubaliani nacho, na mwiteni kwa jina lake. Umri wake na siku alizokaa kanisani viwekwe kando. Na neno lake likiwa la kumtetea mtu asiyekuwapo, mjadala usimame mpaka mhusika aitwe na kusikilizwa.