Nilivyopima kazi ya Drosha bila kudanganywa na PCR

Mada yangu ya uzamili ilikuwa Drosha, kimeng'enya kinachofanya kazi ndani ya kiini cha seli. Nadharia yake si ngumu. Jeni ya maikroRNA (RNA fupi inayopunguza kazi ya jeni nyingine) ikinakiliwa hutoa uzi mrefu wa RNA uitwao pri-miRNA. Sehemu yake hujikunja, na Drosha, ikisaidiwa na molekuli mbili za protini DGCR8, huukata mkunjo huo kwenye shina. Kipande kinachopatikana, chenye nyukleotidi (vijenzi vya RNA) 60 hadi 70 hivi, husafirishwa nje ya kiini, ambako kimeng'enya kingine, Dicer, hukipunguza hadi 22 hivi: hiyo ndiyo maikroRNA iliyokomaa. Timu ya Narry Kim wa Seoul ilieleza kazi hiyo ya Drosha mwaka 2003. Mimi nilitakiwa kuionyesha kwenye seli zangu.

Nilipunguza Drosha kwa siRNA, RNA fupi inayozima jeni lengwa. Kwa kuwa siRNA na maikroRNA hutumia sehemu ya njia moja, wenzangu walinicheka kwamba nakata tawi nililokalia, lakini siRNA ya kutengenezwa huingia kwenye seli ikiwa fupi tayari, ikapokewa na Argonaute, protini inayoitumia kuzima jeni. Haina haja na Drosha.

Kilichonisaidia zaidi ni kuchagua cha kupima. Wengi hukimbilia maikroRNA iliyokomaa. Hiyo hudumu muda mrefu, kwa hiyo Drosha inaweza kuwa imepungua sana na kipimo kikashuka kidogo tu. Nilitanguliza uzi ambao haujakatwa, kwa sababu huo hurundikana upesi mkataji akikosekana. Nilipima kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi ili ipimike, baada ya kuigeuza RNA kuwa nakala ya DNA iitwayo cDNA. Tatizo ni kwamba praima za uzi huo, yaani vipande vifupi vinavyoielekeza PCR mahali pa kunakili, hunasa pia DNA ya kromosomu. Basi RNA yote niliisafisha kwa DNase, kimeng'enya kinachovunja DNA, na kila mara niliendesha sampuli za ulinganisho ambazo hazikugeuzwa cDNA. Inachosha, ila bila hivyo nisingeamini namba yoyote.

pri-miR-21, uzi usiokatwa wa maikroRNA iitwayo miR-21, ilipanda waziwazi. miR-21 iliyokomaa ilishuka taratibu. miR-320a, maikroRNA ambayo haipiti kwa Drosha, haikutikisika, na hiyo ndiyo iliyomridhisha msimamizi wangu.

Mwisho niliirudisha Drosha kwa plasmidi, duara la DNA linalobeba jeni yake, isiyoguswa na siRNA ile. Iliyo nzima ilirejesha ukataji. Yenye badiliko la asidi amino moja liitwalo E1147K, linaloonekana kwenye baadhi ya uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto, haikurejesha: badiliko hilo liko pale kimeng'enya kinaposhikilia magnesiamu, na bila magnesiamu hakikati.