Vizibo vya soda barazani

Mwanangu alikuwa na miaka mitatu, na hospitali walishatuambia ana usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto apate shida kuwasiliana na wenzake. Kutwa alikaa barazani akipanga vizibo vya soda, mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kwenye ndoo ya maji. Ukimwita, hageuki. Ukigusa kizibo kimoja, analia mpaka sauti inamkauka. Wengi walitushauri tuvitupe.

Mtaalamu aliyetujia nyumbani, Tanga, hakuja na dawa. Alivua viatu, akalala kifudifudi sakafuni, uso karibu na vile vizibo. "Baba, na wewe njoo chini." Nikashuka. Mama yangu alisimama na kikombe cha uji mkononi, anashangaa.

Mwanzoni mtaalamu alikuwa anampa mtoto vizibo tu, kimoja kimoja. Kisha akaanza kumchelewesha: anakifumbata, anatoa macho, anangoja. Mwanangu akaushika ule mkono, akamfumbua vidole. Kidogo tena, mtaalamu akalaza kiganja katikati ya mstari kama gari lililoharibikia barabarani. Nikajua kilio hicho kinakuja. Mtoto akausukuma mkono, mkono ukarudi. Akausukuma tena, na safari hii akainua uso, akamtazama machoni, akacheka. Mimi baba yake sikuwa nimeyaona macho yale yakimtafuta mtu kwa muda mrefu mno.

Tukinywa chai akanieleza kwamba njia hiyo, Floortime, ilianzishwa Marekani na Stanley Greenspan, daktari wa magonjwa ya akili, pamoja na mwanasaikolojia Serena Wieder. Unaanzia kwenye kile mtoto anachokipenda, unajiingiza humo mpaka akuhitaji. Ukifanya jambo naye akakujibu, kwa jicho, mkono au sauti, hilo ni duara moja la mawasiliano, na kazi yako ni kuyaongeza. Dakika 20 hivi kila kikao, mara kadhaa kwa siku, na wachezaji wakuu ni watu wa nyumbani. Tungevitupa vile vizibo, tungeanzia wapi?

Jioni mama akaketi mkekani, akafunga kizibo kwenye pindo la kanga. "Haya, mume wangu, kitafute." Mjukuu wake akahangaika na fundo hadi likafunguka. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akamrudishia kizibo kiganjani na kumvuta pindo, alifunge tena.

"Baba," mama akaniita, "niletee na ule uji. Leo tutaula hukuhuku mchezoni."