Padang Panjang, Mji wa Rahmah El Yunusiyah

Barabara itokayo Padang, mji wa pwani ya magharibi ya kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia, hulipanda bonde la Anai, ambako maporomoko ya maji huanguka kando ya lami, kisha huingia Padang Panjang, mji mdogo wa baridi na mvua nyingi ulioko kati ya milima ya Marapi na Singgalang, ambao wenyeji huuita Baraza ya Makka. Nilifika huko kwa ajili ya Rahmah El Yunusiyah, mwalimu na mwanaharakati wa elimu ya wanawake, aliyezaliwa hapo mwaka 1900 katika ukoo wa wanazuoni.

Kaka yake, Zainuddin Labay, alifungua Diniyah School mwaka 1915, ambamo wavulana na wasichana walisoma pamoja. Rahmah alisoma humo, akaona jinsi wasichana walivyoona haya kuwauliza walimu wanaume masuala ya fiqhi yanayowahusu wao wenyewe, hali ambayo yeyote aliyepitia madrasa zetu za pwani anaifahamu vyema. Basi tarehe 1 Novemba 1923 akaanzisha Diniyah Putri, shule ya wanawake watupu, akiwa na wanafunzi 71, wengi wao wake za watu, waliokaa chini msikitini kumsikiliza.

Nilipoiona shule hiyo leo, majengo imara na mabinti waliojitanda wakikimbilia madarasani kuikwepa mvua, ilinibidi nijikumbushe kwamba tetemeko la ardhi la mwaka 1926 liliubomoa mji na shule pamoja. Rahmah alijenga upya kwa michango aliyoizungukia mwenyewe hadi Aceh, kaskazini mwa Sumatra, na ruzuku ya serikali ya kikoloni ya Kiholanzi aliikataa, kwa kuwa anayelipa mishahara ndiye atakayeamua kinachofundishwa. Kwangu mimi, uanaharakati wake ulianzia katika kukataa huko, miaka mingi kabla ya bunduki.

Bunduki nazo zilikuja. Uhuru wa Indonesia ulipotangazwa mwaka 1945, aliipandisha bendera ya taifa, nyekundu na nyeupe, shuleni kwake na kusaidia kuunda kikosi cha jeshi changa la jamhuri mjini humo, akiwalisha askari kwa mali yake. Waholanzi walimkamata mwaka 1949.

Mwaka 1955 Sheikh Mkuu wa Al-Azhar, Abdurrahman Taj, aliitembelea Diniyah Putri na kuvutiwa nayo, wakati ambapo chuo chake kikongwe kilikuwa bado hakina kitivo cha wanawake. Miaka miwili baadaye Rahmah alialikwa Cairo, na Al-Azhar ikamtunuku cheo cha sheikha, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo.