Sura moja kabla maharage hayajaiva

Mbeya mjini maji yanachemka kwenye nyuzijoto kama 94, hayafiki 100, kwa sababu tuko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Makete, walio juu zaidi, yanachemka chini ya hapo. Ndiyo maana maharage ya huku hayana haraka. Usipoyaloweka tangu usiku utakaa nayo saa mbili na nusu, hata tatu, na kuni zikiwa mbichi ndiyo kabisa. Naanza na maharage kwa sababu ibada ya nyumbani, katika familia nyingi, haiuawi na upungufu wa imani. Inauawa na saa. Tunaiweka baada ya chakula, saa tatu usiku: watoto wameshiba, baridi imeshuka, mdogo kalala mkekani, binti mkubwa yuko uani anasugua sufuria. Halafu tunalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawapendi Neno.

Isogeze mbele. Maharage yakishaanza kulainika, kabla ya kuunga na kabla ya kusonga ugali, ipo nusu saa ambayo kazi ya jikoni ni kuchochea na kuongeza maji tu. Chukua dakika 12 katika hiyo. Wimbo mmoja, beti mbili zatosha, sura moja au nusu yake, swali moja, sala fupi. Njaa kidogo haimzuii mtoto kusikiliza. Shibe ndiyo inayomlaza.

Na suala la binti na vyombo nalisema wazi, maana halisemwi kanisani. Nyumba ambayo wavulana wanasikiliza Neno huku wasichana wakiosha vyombo inafundisha jambo, na si lile lililo kwenye Biblia. Ukisoma kabla ya kula, hakuna chombo kichafu cha kumtoa mtu.

Juni na Julai, miezi ya baridi, zina hatari yake. Njombe, Makete, Mafinga na hata Uyole, watu huingiza jiko la mkaa sebuleni au chumbani na kufunga dirisha. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mkaa uliokolea wekundu bila moshi bado unaitoa. Kwa hiyo kabla hujamkemea mtoto anayesinzia wakati wa sala, muulize kama kichwa kinamuuma au kama anasikia kizunguzungu au kichefuchefu. Kama ni hivyo, watoe wote nje kwenye hewa safi kwanza, ibada itasubiri. Asipopata nafuu upesi, au akizimia, mkimbizeni hospitali. Jiko likiwa ndani, dirisha liachwe wazi na mlango pia, na litolewe nje kabla mtu yeyote hajalala. Blanketi na soksi ni salama kuliko jiko.

Sasa, msome nini? Januari wengi huanza Mwanzo sura ya kwanza kwa bidii. Mwanzo ina sura 50, na inasomeka vizuri. Kutoka nayo inakwenda vizuri hadi sura ya 24. Kwa sura moja kwa siku, tarehe 16 Machi mnaingia Kutoka 25: dhiraa za sanduku, vikuku vya dhahabu, mapazia ya hema. Wakati huo mvua inanyesha, palizi imepamba moto, kila mtu amechoka, na hapo ndipo alama ya kitabu hukaa hadi Krismasi. Hata anayeendelea bila kukosa siku atamaliza sura zote 1,189 baada ya miaka mitatu na miezi mitatu hivi. Mpango huo unamfaa mtu mzima anayesoma peke yake. Familia yenye watoto wadogo haiuwezi.

Anzeni na vitabu vyenye mwisho unaoonekana. Ruthu ina sura nne, Yona nne, Marko 16. Hizo ni jioni 24, chini ya mwezi, na mtoto atakuwa amesikia vitabu vitatu vikaisha. Kumaliza kunampa hamu ya kuanza kingine. Kisha nendeni kwa Yusufu, Mwanzo 37 hadi 50, mkiruka sura ya 38 kama kuna wadogo. Luka ina sura 24, kwa hiyo ukianza tarehe 1 Desemba unamaliza mkesha wa Krismasi bila kuhesabu sana. Sura 31 za Mithali nazipenda kwa kufuata tarehe za mwezi, lakini kwa watu wazima: mistari yake haina hadithi, na mtoto wa miaka saba anapotea kwenye mstari wa tatu. Zaburi zitumieni siku za uchovu. Ya 117 ina mistari miwili. Ya 119 ina 176, msiikaribie usiku wa palizi.

Mzazi asome sura peke yake kabla, japo mchana akiwa amekaa juu ya gunia. Waamuzi 19, yenye habari ya ubakaji na mauaji, haisomwi kwa bahati mbaya mbele ya watoto mara mbili.

Kuhusu usomaji wenyewe. Desturi ya kuzunguka, kila mtu mstari mmoja, inaonekana ya haki lakini inaharibu habari. Kila mtoto anahesabu vichwa ili ajue mstari wake, anaunong'ona, akishausoma anaacha kusikiliza. Msomaji awe mmoja kwa jioni moja. Aambiwe jana yake, asome kimya mara moja, na majina magumu ayaulize mapema: Mefiboshethi, Nebukadreza, Melkizedeki. Akikosea, usimkatize katikati ya mstari. Mrudishie neno mwishoni. Anayesoma darasa la tatu apewe mistari mitano, mkubwa amalizie. Asiyejua kusoma bado apewe kazi ya kushika taa au kutafuta wimbo. Taa ya sola ikae nyuma ya bega la kushoto la msomaji kama anafuata mistari kwa kidole cha kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie maandishi. Koroboi iepukwe: moshi wake unawasha macho na kufanya kurasa kuwa za kahawia.

Baada ya kusoma tunauliza, "Tunajifunza nini?" Swali hili ningelifuta kama ningeweza. Watoto wetu wamelizoea tangu shule ya Jumapili na wanajua jibu bila kusikiliza: tunajifunza kumtii Mungu, tunajifunza kupendana. Jibu ni sahihi na halina kitu ndani. Uliza kinachomlazimu arudi kwenye habari. Katika Ruthu, Boazi mwenye shamba aliwaagiza vijana wake wafanye nini na miganda? (Watoe masuke makusudi, wayaache, wasimkemee Ruthu.) Yona alikuwa amelala wapi dhoruba ilipokuwa ikivuma? Nani alinyamaza? Nani alikula? Kitabu cha Yona kinaishia kwa swali la Mungu, habari ya watu zaidi ya 120,000 wa Ninawi na wanyama wao, na Yona hajibu. Mwachie mtoto naye aende kulala na swali hilo. Usilijibu wewe.

Kuna suala la lugha. Biblia ya Union Version, ile tafsiri ya 1952, ndiyo iliyo kwenye nyumba nyingi, na Kiswahili chake ni kitamu, ila kina mitego. Ruthu 2:14 inasema wavunaji wakampitishia Ruthu bisi. Mtoto wa leo anaona mahindi yaliyolipuka kwenye mfuko wa nailoni. Mwambie ni nafaka iliyokaangwa kavu. Mstari huohuo una "kutowesha tonge", neno ambalo mtoto atalielewa ukimwonyesha kwa ugali na mchuzi uliopo jikoni. Mistari mitatu mbele, Ruthu anapura alichookota, inapatikana kama efa ya shayiri. Efa inakadiriwa kuwa lita 22 hivi, yaani debe na kidogo. Mtoto aliyewahi kupura maharage kwa fimbo uani anajua debe moja kwa siku, kwa kuokota masazo tu, ni kazi gani. Hapo ndipo anamwona Boazi alivyokuwa mkarimu, bila mahubiri.

Biblia Habari Njema ni nyepesi zaidi kwa wadogo, na sioni dhambi kuwa na zote mbili mezani: mkubwa anasoma moja, mwingine anafuata nyingine, wanasimama panapotofautiana. Bibi akiwepo, mpe asimulie habari hiyo kwa Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au Kikinga baada ya kusomwa. Msimrekebishe. Paulo anamkumbusha Timotheo imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi, kisha mama yake Eunike, na hasemi walikuwa na elimu kiasi gani.

Siku ambazo hata sura haiwezekani, kama msibani, wakati wa uvunaji au mtoto akiwa na homa, fanyeni kama Wamoravian. Wamisionari wao waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa lililokuwa limezoea kuwa na neno la kila siku tangu Herrnhut, Ujerumani, ambako kitabu cha kwanza cha maneno hayo kilichapishwa kwa ajili ya mwaka 1731. Ni mstari wa Agano la Kale uliopatikana kwa kura ya bahati nasibu na mwingine wa Agano Jipya unaoendana nao. Mistari miwili basi. Mlutheri au Mkatoliki hakatazwi. Someni, mseme Baba Yetu, mlale.

Simu? Inasomeka, ila weka hali ya ndege kabla ya kufungua programu ya Biblia, la sivyo ujumbe wa kikundi cha kikoba utaingia katikati ya Gethsemane. Mimi napendelea karatasi kwa sababu nyingine: mtoto anaona kitabu kinavyopungua upande wa kulia.

Lakini karatasi ya huku ina adui. Tukuyu na Rungwe yote, mvua za masika zinaleta ukungu kwenye kila kitu chenye gamba la kitambaa. Usiweke vitabu vikigusa ukuta. Acha nafasi ya vidole vinne nyuma yake, na usivifungie kwenye mfuko wa nailoni, maana unyevu unabaki ndani. Kitabu kikiota ukungu, kisimamishe wazi kivulini penye upepo hadi kikauke kabisa, ndipo ukifute kwa kitambaa kikavu ukiwa nje ya nyumba. Jua kali linakunja kurasa, na kufuta kingali na unyevu kunausambaza ukungu. Gamba livishwe karatasi la kaki, kama daftari la shule.

Ukurasa ukichanika, achana na selotepu. Baada ya muda inageuka njano, gundi inavuja na kushika ukurasa wa jirani, na karatasi nyembamba ya Biblia haistahimili kubanduliwa. Pika gundi: kijiko kimoja cha unga wa ngano, vijiko vitano vya maji baridi, koroga mpaka mabonge yaishe, weka kwenye moto mdogo ukikoroga hadi iwe nzito na kung'aa. Iache ipoe. Kata utepe mwembamba wa karatasi laini, upana wa nusu sentimita, paka gundi kidogo sana, bandika juu ya mchaniko. Weka kipande cha nailoni juu na chini ya ukurasa, funga kitabu, kandamiza kwa tofali hadi asubuhi. Gundi ikizidi, ukurasa unajikunja. Ikibaki, itupe, siku ya tatu inanuka na kuita mende.

Neno kwa mama mwenyewe, kwa kuwa huwa tunasoma kwa ajili ya wote tukajisahau. Ibada ya jioni na watoto haihesabiki kama kusoma kwako. Pale unahesabu nani kakunja uso, nani kamfinya mwenzake. Tafuta robo saa yako: saa kumi na moja alfajiri kama moto lazima uwashwe hata hivyo, au saa nane mchana mdogo akilala. Na si lazima iwe Biblia kila mara. Riwaya nzuri, gazeti la jana, kitabu cha ufugaji wa kuku, vyote vina faida ambayo semina haina: mtoto anakukuta umekaa, kitabu mkononi, huna unachomdai. Wengi hawajawahi kumwona mama akisoma kitu ambacho si risiti au kadi ya kliniki.

Mkikosa siku tatu, msilipe deni kwa kusoma sura tatu usiku mmoja. Anzeni pale alama ilipo. Alama yenyewe iwe kitu cha kuonekana, utepe wa kitenge au kipande cha ukili, si kalamu, kwa sababu kalamu inapasua mshono.

Na mtoto anayekwenda bweni, weka kwenye tranka lake karatasi yenye mpango wa sura za nyumbani kwa muhula huo, tarehe kwa tarehe, umeandika kwa mkono. Usimwambie lazima asome. Akirudi likizo ya Juni, siku ya kwanza, maharage yakiwa jikoni, mpe yeye Biblia na umwache aitafute alama mwenyewe.