Tangi la maji taka nyumbani
Leo mfuniko wa tangi letu la maji taka ulipofunguliwa ili gari la kunyonya lifanye kazi yake, niliona utando mzito wa mafuta yaliyogandana juu, ukiwa umenasa vitambaa laini vya kupangusia watoto, ambavyo haviozi upesi hata kidogo. Tope hutuama chini na bakteria hulimeng'enya taratibu, huku maji ya katikati yakitoka kwenda kufyonzwa na udongo. Tope likiachwa lijae, hutoka pamoja nayo na kuziba udongo huo, jambo ambalo kulirekebisha ni kazi kubwa kuliko kunyonya tangi kila baada ya miaka 3 hadi 5. Nawasihi pia, mtu yeyote asiingie wala kuinamia tangi lililo wazi, kwani hewa yake huua.