Kabati la mama limehamia jikoni

Kabati la vyombo la mama ni la mninga. Lilichongwa Tabora enzi baba anafanya kazi huko, likaja Dar kwa treni. Chini lina droo na milango miwili. Juu ni vioo, na nyuma ya vioo hivyo zilikaa sahani za maua na mabirika ya wageni, ambavyo sisi watoto tulivishusha kila Krismasi, tukaviosha, tukavirudisha bila mtu kuvilia. Mama alipohamia kwangu Tabata alikuja nalo. Sebule yangu haina ukuta wa kulipokea. Jikoni, wakati huohuo, nilikuwa nakatia mboga juu ya mashine ya kufulia.

Nilipomwambia ninachofikiria, kuligeuza kuwa meza ya kukatia katikati ya jiko, alinitazama kwanza. "Mwanangu, kabati la sebuleni ukalipeleke jikoni likanuke vitunguu?"

"Mama, wanaokula vitunguu kila siku ni sisi. Wageni wanakuja lini?"

Akanyamaza. Kesho yake akasema sawa, ila ile sehemu ya vioo isitupwe. Haikutupwa, iko ukutani juu ya sinki.

Fundi nilimpata Keko. Kabla hajagusa kitu alichora kwa chaki sakafuni mahali meza itakapokaa, akaniambia niishi na hiyo chaki siku kadhaa nione. Ushauri mzuri kuliko wote niliowahi kupewa na fundi, tena bila malipo. Mama alikuwa anaizunguka michoro ile na sufuria mkononi kana kwamba kuna kitu kweli, na ndivyo tulivyogundua kuwa upande wa friji panabana. Tukaisogeza hadi kila upande ukabaki na sentimita 90 za kupita, mlango wa friji ukafunguka wote.

Kazi yenyewe ilikuwa ya vipimo. Kabati la sebuleni ni fupi: hili, baada ya kuondoa vioo, lilibaki na sentimita 78, na ukikatia hapo mgongo utakudai. Fundi akaliwekea kitako cha sentimita 9 na bao la juu la sentimita 3, tukapata 90, kimo cha kaunta za kawaida. Kina nacho hakikutosha, 45 tu. Bao la juu tulilitoa kwenye kitanda cha zamani kilichokuwa kimeegeshwa stoo, mbavu zake na mbao za kichwani zikaunganishwa kwa gundi na kubanwa usiku kucha, likatokeza sentimita 30 kwa nyuma ili mtu akae na stuli bila kugonga magoti. Matundu ya skrubu za kushikia bao hilo aliyatoboa marefu kidogo, si ya duara, maana mbao pana hutanuka ubavuni wakati wa masika. Ukiikaza kabisa itapasuka.

Mgongo wa kabati ndio watu husahau. Siku zote uliegemea ukuta, kwa hiyo ni plaiwudi nyembamba yenye madoa, na ukiliweka katikati ya jiko ndio wa kwanza kuonekana. Vipande vilivyobaki vya kitanda vilimaliza hilo.

Nilitaka magurudumu. Fundi akakataa: "Dada, mtu akiegemea huku nyuma, droo za mbele zikiwa tupu, itakuangukia." Tukaifunga sakafuni kwa vyuma vya pembe. Kutoboa marumaru kulichukua muda kuliko kazi nyingine yoyote, na kelele majirani wanazijua.

Msasa niliupiga mwenyewe, namba 80, 120, kisha 240. Chini ya vanishi iliyokuwa imekuwa nyeusi ilitokea rangi ya dhahabu yenye michirizi myekundu, na ile harufu ya mninga. Ila vaa barakoa. Vumbi la mninga linawasha pua na halifai kabisa kwa mwenye pumu.

Wengi wananiuliza kama kabati lolote linafaa. Hapana. Haya ya chipubodi yakilowa yanavimba, na skrubu ukiitoa mara moja hairudi kushika. Kabla ya kununua la mtumba, chomoa droo uligeuze, uangalie ukingo wa mbao pasipopakwa rangi. Unga mwembamba ukimwagika kutoka kwenye vitundu vidogo, humo kuna wadudu, mwachie mwenyewe. Hata mninga, moyo wake ndio mgumu kwa mchwa, ile sehemu nyeupe ya nje huliwa.

Sasa mama anachambulia mchele hapo, na sahani za maua zimeanza kuliwa ugali. Droo moja inakwama tangu mvua zianze, kwa kuwa mbavu zake ni za mpaini. Fundi amekataa kuipiga randa sasa, anasema ikikauka Juni itakuwa inacheza. Nimeisugua mshumaa kwa chini, inavutika.