Projekta Haiwashi Taa? Tazama Plagi Kwanza

Feni zinazunguka, unasikia tik-tik-tik hafifu, kisha kimya, na kijitaa chekundu cha LAMP kinaanza kumetameta. Wengi hapo huagiza taa mpya. Kabla hujatoa hela, chomoa taa uliyonayo uitazame plagi yake, ile ndogo inayoiunganisha na projekta: plastiki imegeuka kahawia? Pini moja ni nyeusi? Nusu mbili zimeyeyuka zikagandana? Basi hata taa mpya haitadumu hapo.

Taa ya zebaki ya wati 200 ikishawaka hutumia takriban volti 70, yaani karibu ampea 3. Kwa pini safi iliyobana, huo ni mzigo mdogo. Lakini pini ikilegea na kupata ukinzani wa nusu omu tu, wati 4.5 za joto zinabaki ndani ya kijiplastiki kisichozidi kidole gumba, tena jirani na taa ambayo yenyewe ni tanuri. Joto hulegeza mbano wa pini, ukinzani unapanda, joto linaongezeka.

Kuna jambo la pili ambalo wanaosugua pini kwa msasa husahau. Plastiki iliyoungua huwa kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Mpigo wa kuwashia taa ni volti elfu kadhaa. Ukipata njia ya mkato kwenye kaboni, taa haiupati. Ile tik-tik huenda ndiyo hiyo.

Sasa usalama. Chomoa waya wa ukutani, acha taa ipoe saa nzima. Ukifungua hadi kwenye balasti, yaani saketi inayoipa taa umeme, kapasita kubwa iliyo karibu nayo huweza kubaki na volti 300 na zaidi. Ipime. Ikizidi volti 10, imwage kwa rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5, si kwa bisibisi. Kama maneno haya ni mageni kwako, mpelekee fundi.

Weka mita kwenye omu, upime kila waya kuanzia balasti hadi ncha ya pini huku ukiutikisa. Namba iwe ileile unayopata ukigusanisha ncha za mita. Taa yenyewe usiipime hivyo: ikiwa baridi, hata iliyo nzima husoma kama waya uliokatika, na watu wametupa taa nzima kwa sababu hiyo. Wala usipime mpigo wa kuwashia, utaua mita.

Badilisha dume na jike pamoja. Ukiacha upande mmoja wa zamani, pini yake mbovu itaunguza ule mpya. Nusu ya upande wa taa unaweza kuitoa kwenye kasha la taa iliyokufa ya modeli ileile, ikiwa haijaungua. Ya upande wa balasti, kwenye projekta ya spea.

Kata waya hadi shaba ing'ae, mara nyingi sentimita 2 au 3. Shaba nyeusi haishiki chochote. Waya ukiwa mfupi, vuta mpya kutoka kwenye balasti: 0.75 mm², ganda la silikoni la kuhimili joto la nyuzi 180, uliotengenezwa kwa volti kubwa. Pini zibanwe kwenye waya kwa koleo maalumu la kubania pini. Usitegemee risasi ya kulehemu, kwani ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 183 na huukakamaza waya hadi ukatikie pale inapoishia. Mrija wa kawaida wa kusinyaa kwa joto haufai pia. Tumia soksi ya nyuzi za kioo yenye silikoni, na waya usiguse chuma cha kasha.

Kabla ya kufunga, safisha chujio la vumbi. Rudisha mfuniko wa taa, maana swichi yake isipobanwa projekta haitawaka. Baada ya saa kama 10 za matumizi, zima, iache ipoe, uchomoe taa tena. Plagi ikiwa bado nyeupe, funga. Ikianza umanjano upande wa pini moja, mbano wa pini hiyo haukukaza, irudie.